Mzigo Mpya, Njia Mpya: Mhadhara Kuhusu Kufunga Taa za Ziada Kwenye Gari



Nimeombwa nizungumzie taa. Nitaanza na gari moja ambalo niliharibu taa zake kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu yote nitakayosema leo nilianza kujifunza kutoka kwenye gari hilo.

Ni zaidi ya miaka 20 iliyopita. Nilikuwa fundi kijana mjini Morogoro. Mzee mmoja alileta pikapu yake. Alikuwa akienda Iringa mara kwa mara, na kile kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi kilikuwa kinamtia hofu, maana nyati, twiga na tembo huvuka pale usiku, na tembo aliyesimama gizani haonekani mpaka umeshamfikia. Mzee alitaka mwanga, nami nikampa. Nilitoa balbu zake za wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, nikaweka za wati 100 kwa 90. Juu ya bampa nikafunga spotilaiti 2 za wati 55 kila moja, na umeme wake nikaunyonya kwenye waya wa fulu. Tulipojaribu, fyuzi ya ampea 15 ikakata. Nikaweka nyingine, nayo ikakata. Nikaweka ya ampea 30, ikatulia. Mzee akafurahi, akanilipa, akaondoka.

Usiku wa pili, katikati ya hifadhi, alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi mwembamba ukatoka chini ya usukani, kisha taa zote zikazimika kwa pamoja. Alisimamisha gari gizani kwa kukumbuka tu barabara ilivyokuwa imelala mbele yake. Mungu alimnusuru. Aliporudi hakunigombeza. Alinionyesha swichi ya taa iliyoyeyuka, akaniuliza kwa upole: “Fundi, mwanangu, fyuzi si ipo? Mbona haikukata?”

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Nimelibeba kwa miaka yote hii, na mhadhara huu ndio jibu lake.

Taa ni mzigo

Watu wengi, na mafundi tumo, tunaitazama taa kama kitu kinachotoa. Kwa upande wa barabara ni kweli, taa inatoa mwanga. Lakini kwa upande wa gari, taa ni mzigo, na kila mzigo una uzito wake. Uzito wa taa ni mkondo inaouvuta, nao unapatikana kwa hesabu ya darasa la shule ya msingi: gawanya wati kwa volti, unapata ampea.

Twende kwenye pikapu ya mzee. Ilivyotoka kiwandani, fulu ilikuwa balbu 2 za wati 60, jumla wati 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 10. Waya wake, swichi yake na fyuzi yake vilichaguliwa kwa mzigo huo. Mimi nikaweka balbu 2 za wati 100, nikaongeza spotilaiti 2 za wati 55. Jumla wati 310. Gawanya kwa 12, ni karibu ampea 26. Nilichukua njia iliyojengwa kwa mzigo wa 10 nikaipitishia 26.

Mtu atasema: basi, ni mara 2 na nusu tu. Hapana. Joto ndani ya waya halipandi sawasawa na mkondo, linapanda kwa mkondo ukizidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara 2, joto ni mara 4. Mkondo ukiwa mara 2 na nusu, joto linapita mara 6. Ndiyo maana waya uliokaa miaka 15 bila tatizo unaweza kuungua wiki moja baada ya fundi kuongeza taa.

Tena joto hilo halijigawi kwa haki. Katika waya mzima wenye unene mmoja linatawanyika, lakini penye kiungo kilicholegea, au swichi iliyochakaa ndani, linakusanyika mahali pamoja. Chukua sehemu ya kugusana ya swichi yenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho mita nyingi za gereji hazikipimi vizuri. Ampea 10 zikipita hapo, zinatoa wati 10 za joto. Ampea 26 zikipita, zinatoa karibu wati 68. Chuma kidogo cha kulehemu risasi za redio kina wati 25 au 30. Kwa hiyo mimi, bila kujua, niliweka zaidi ya vyuma viwili vya kulehemu ndani ya swichi ya plastiki, chini ya usukani wa mzee wa watu.

Volti zinazopotea njiani

Kuna hasara nyingine isiyotoa moshi, na kwa sababu haitoi moshi watu huiacha iendelee. Ni volti zinazopotea njiani kabla hazijafika kwenye balbu.

Katika magari mengi ya zamani, umeme wa taa hutoka kwenye betri, ukaingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, ukarudi mbele hadi kwenye taa. Ni safari ya mita kama 5. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 kwa kila mita. Ukipitisha ampea 9 kwa mita 5, unapoteza karibu volti 0.8 kwenye waya peke yake. Ongeza swichi ya zamani, soketi yenye kutu na bodi (chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri) iliyopakwa rangi mahali waya ulipofungwa, na hasara inavuka volti 1 na nusu bila shida.

Je, volti 1 na nusu ni kitu? Kwa balbu ya halojeni ni kitu kikubwa sana. Uzi wake hutoa mwanga kwa jinsi ulivyo moto, na volti zikipungua kidogo mwanga hushuka sana. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa gari linalochaji kwa volti 13.5, asilimia 10 ni volti 1.35 tu. Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba taa zake ni za njano na hafifu, mara nyingi hahitaji balbu kubwa. Balbu zake ni nzima, ila zina njaa. Akiweka kubwa zaidi kwenye njia ileile, mkondo unaongezeka, hasara ya njiani inaongezeka nayo, na sehemu kubwa ya umeme alioununua kwa petroli inaishia kupasha nyaya joto.

Nawaomba mafundi mchukue jambo hili kama kanuni ya kwanza ya kazi: kabla hujamuuzia mteja balbu, pima volti kwenye soketi ya taa, taa ikiwa inawaka na injini ikinguruma. Weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha chanya cha betri na mwingine kwenye mguu wa chanya wa taa. Mita itakuonyesha moja kwa moja volti zinazopotea njiani. Zikizidi nusu volti, njia ni mbovu. Fanya hivyohivyo kwa upande wa hasi, kutoka mguu wa hasi wa taa hadi kichwa cha hasi cha betri.

Rilei

Dawa ya matatizo haya yote mawili ni moja, nayo ni ya bei nafuu: rilei. Ni swichi inayowashwa na umeme. Ndani yake kuna koili ndogo. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, sumaku inavuta kibati, kibati kinafunga njia nene. Koili yenyewe inahitaji umeme kidogo, mara nyingi chini ya ampea 0.2. Njia nene inabeba ampea 30 au 40. Kwa hiyo swichi ya usukani haibebi tena mzigo wa taa. Inatoa amri tu, na mzigo unapita njia nyingine.

Miguu ya rilei ina namba, na namba hizo ni zilezile kwa rilei za kawaida za magari kutoka viwanda vingi. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unapeleka umeme kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Rilei yenye miguu 5 ina pia 87a, ambao unakuwa na umeme wakati rilei imelala; huo usiufungie taa, maana taa itawaka ukizima na kuzimika ukiwasha.

Rilei ikae mbele, chini ya boneti, karibu na betri na karibu na taa, miguu yake ikiangalia chini ili maji yasituame. Hapo waya mnene unakuwa wa mita 1 na nusu badala ya 5. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba kwa ampea 9, hasara ya njiani inashuka chini ya volti 0.1. Nimeshuhudia mara nyingi gari likifungwa rilei tu, bila kubadilishwa balbu, na mwenye gari akadhani tumemwekea taa mpya.

Spotilaiti ziwe na rilei yake ya peke yake, na koili yake ipate amri kutoka waya wa fulu, ikipitia swichi ndogo ya dashibodi. Hapo dereva akirudi kwenye dimu, spotilaiti zinazimika zenyewe hata kama amesahau swichi. Spotilaiti inayowaka peke yake bila kujali dimu ni hatari kwa kila anayekuja mbele.

Mtego wa Toyota

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mtego huu umewanasa mafundi wazuri, na magari yenyewe tunayo kwa wingi.

Tumefundishwa kwamba mguu wa pamoja wa balbu ya H4, ile yenye uzi wa dimu na wa fulu pamoja, unaenda bodi, na swichi inapeleka chanya kwenye mguu wa dimu au wa fulu. Kwa magari mengi ni hivyo. Lakini Toyota nyingi za zamani, zikiwemo Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, zimefungwa kinyume. Mguu wa pamoja ndio unaopata chanya, na swichi ya usukani inaunganisha mguu wa dimu au wa fulu na bodi. Swichi inakata hasi.

Sasa fundi anakuja na mazoea yake. Anachukua waya wa fulu kama amri ya rilei, koili anaifunga bodi. Anawasha dimu, na spotilaiti zinawaka. Anapiga fulu, zinazimika. Anachanganyikiwa, anabadilisha rilei, anabadilisha swichi, mwisho anazipeleka moja kwa moja kwenye betri ili amalize kazi. Kilichotokea ni hiki: wakati wa dimu, chanya inapita kwenye uzi wa fulu usiowaka na kufika kwenye waya wa fulu, na koili inaiona. Ukipiga fulu, waya uleule unaunganishwa bodi, na koili inakosa umeme.

Kwa hiyo pima kwanza. Chomoa soketi ya H4, washa dimu, tafuta mguu wenye volti 12. Ukiwa ni mguu wa dimu, gari linakata chanya. Ukiwa ni mguu wa pamoja, gari linakata hasi. Na ukitaka njia inayofaa kwa magari ya aina zote mbili, usiifunge koili bodi kabisa. Funga mguu mmoja wa koili kwenye waya wa pamoja na mwingine kwenye waya wa fulu. Rilei ya kawaida haijali chanya iko upande gani. Inajali tu kwamba kuna tofauti kati ya pande mbili. Ila rilei yenye dayodi ndani inajali, na mchoro wake umechapwa ubavuni. Soma kabla ya kufunga.

Fyuzi ni mlinzi wa nani?

Sasa tumefika kwenye swali la mzee. Fyuzi ilikuwepo. Mbona haikukata?

Haikukata kwa sababu niliinyima haki ya kukata. Mkondo ulikuwa karibu ampea 26, na mimi niliweka fyuzi ya 30. Kwa fyuzi hiyo, kila kitu kilikuwa sawa. Waya na swichi vilikuwa vinaungua, lakini fyuzi haipimi joto la swichi. Inapima mkondo unaopita ndani yake tu, na mkondo ule ulikuwa chini ya kiwango nilichoiruhusu mimi.

Tunakosea tunapodhani fyuzi inalinda taa. Taa ikiungua, imeungua. Fyuzi inalinda waya. Kwa hiyo hatuichagui kwa kutazama taa peke yake wala kwa kutazama ipi inayotulia. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko mzigo, ili mzigo wa kawaida usizidi kama asilimia 80 ya kiwango chake, na iwe ndogo kuliko uwezo wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote katika njia ile. Spotilaiti 2 za wati 55 zinavuta ampea 9. Waya wa milimita 2.5 za mraba na fyuzi ya ampea 15 vinatosha. Fyuzi za kisasa za kuchomeka zina rangi zake: 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano, 30 ni kijani. Ukiona kijani mahali ambapo kifuniko cha boksi la fyuzi kinasema 15, jua kwamba kuna fundi aliyepita hapo na akafanya nilichofanya mimi.

Na fyuzi ikae wapi? Ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha chanya. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na sisi mafundi tunaliona jambo hilo kila siku kwa jina la shoti. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi, umeme unaacha njia yake ndefu ya kufanya kazi na kushika njia fupi. Betri ya kawaida ya gari dogo ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea kwa wakati huo. Waya unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na chini ya boneti kuna mafuta, mpira na plastiki.

Ndiyo maana pia, kabla ya kushika chochote, tunafungua kichwa cha hasi cha betri kwanza na kukirudisha mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti kwa mkono wako.

Viungo, bodi na ubora wa waya

Waya mzuri uliounganishwa vibaya ni waya mbaya. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu si kiungo. Joto la boneti linalainisha gundi ya tepu, tepu inateleza, mvua inaingia, shaba inageuka kijani. Tumia klipu za kubana zenye ukubwa unaolingana na waya, zibane kwa koleo lake, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Ukiwa umebana, vuta kwa nguvu. Kiungo kikitoka mkononi mwako gereji, kingetoka barabarani.

Waya upite mbali na ekzosi, feni na mikanda. Unapopita kwenye tundu la bati, weka raba. Ukingo wa bati ni kisu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi ndio mkono unaokisukuma. Funga waya kila baada ya kipande kifupi, usiuache ukining'inia.

Njia ya kurudi tunaidharau kuliko zote. Mkondo wote unaokwenda kwenye taa lazima urudi betri, na unarudi kupitia bodi. Skrubu iliyokazwa juu ya rangi si bodi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza kwa boliti na washa ya meno, kisha paka grisi kuzuia kutu. Kwa tulio pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, chumvi ya hewani inafanya jambo hili kuwa la lazima.

Chunga pia waya unaonunua. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Alumini inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba yenye unene uleule. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha dukani.

Na kwa wenzetu wa malori ya volti 24: msichukue volti 12 kwa ajili ya spotilaiti kutoka betri moja kati ya mbili. Betri ile itakuwa inatumika bila kuchajiwa sawasawa, nyenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Nunueni taa za volti 24, au kifaa cha kushusha volti.

Yule anayekuja mbele

Mpaka hapa nimezungumzia usalama wa gari lako. Lakini taa ni kifaa cha ajabu kwa kuwa kosa lake linaweza kumuua mtu ambaye hajawahi kukuona.

Sokoni sasa zimejaa balbu za LED na zenoni za kuchomeka kwenye soketi ya halojeni. Kwa upande wa umeme LED ina nafuu, kwa sababu inavuta mkondo mdogo. Zenoni huhitaji zaidi ya volti 20,000 kuanza kuwaka, kwa hiyo usiguse nyaya zake kabla ya kuzima. Lakini tatizo kubwa liko kwenye kiakisi. Ndani ya balbu ya H4, uzi wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma chini yake, ili mwanga upige nusu ya juu tu ya kiakisi na kushuka barabarani. Kiakisi kimechongwa kwa ajili ya uzi ule, mahali pale. Ukiweka kitu kingine kinachowaka mahali tofauti, hata kwa milimita chache, mstari wa dimu unavunjika na mwanga unaruka kwenye macho ya anayekuja. Dereva wa gari hilo anaona weupe mwingi karibu na bampa lake na anadhani anaona mbali. Kanuni ya Umoja wa Mataifa Na. 48 inataka taa za dimu zenye chanzo cha zaidi ya lumeni 2,000 ziwe na mtambo wa kujirekebisha zenyewe na wa kusafisha kioo. Dimu ya H4 ina lumeni kama 1,000, kwa hiyo taa yake haikulazimika kuwa na mitambo hiyo. Anayetaka LED anunue taa nzima iliyotengenezwa kwa LED, kioo na kiakisi chake.

Unaponunua taa nzima, tazama kioo chake. Herufi E ndani ya duara inaonyesha kwamba taa imepimwa na kuidhinishwa. Tazama pia mshale. Dimu haitupi mwanga sawa pande zote. Inainua kidogo upande wa ukingo wa barabara ili uone watembea kwa miguu. Mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umeitazama taa unamaanisha ni ya nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Isiyo na mshale ni ya nchi za kulia. Yenye mshale wa ncha mbili inaweza kurekebishwa kwa zote. Madereva wa malori wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda wanalijua jambo hili kwa macho yao, maana pale magari hubadilisha upande, na upande wa dimu ulioinuliwa kwa ajili ya ukingo unageuka kuwa upande wa wanaokuja.

Baada ya kufunga, elekeza taa. Simamisha gari kwenye uwanja tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu pikapu iliyojaa nyuma inainua pua. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa urefu huo, kisha shusha mstari wa dimu sentimita 10 chini ya alama. Taa iliyo sentimita 70 kutoka chini, ikielekezwa hivyo, mwanga wake utafika mita 70. Sasa tazama hesabu nyingine. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde 1 na nusu kushtuka na kukanyaga breki, ameshakula mita 33. Breki nzuri kwenye lami kavu zinahitaji kama mita 35 nyingine. Jumla ni mita 68. Dimu iliyofungwa vizuri inakupa mita 70. Zilizobaki ni mita 2 tu, na zinatoweka mtu mwingine akikupofusha, au volti zako zikipotea njiani.

Neno la mwisho

Tangu 2023 mabasi ya abiria Tanzania yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Barabara zetu za usiku sasa zina watu wengi zaidi waliolala kwenye viti wakimwamini dereva, na dereva akiwaamini mafundi waliofunga taa zake. Hakuna hata mmoja wao atakayefungua boneti kuangalia kama ulikwangua rangi, au fyuzi umeiweka wapi. Kazi yetu ni ya kuaminiwa gizani.

Mzee wangu wa Morogoro nilimtengenezea gari lake upya bila malipo, baada ya kujifunza: rilei mbili, waya mnene, fyuzi ya ampea 15 kwa kila njia, na balbu zake za wati 60 kwa 55 nilizirudisha. Aliniambia anaona vizuri kuliko siku zile za wati 100.

Nawasihi madereva, msimharakishe fundi, na mkatae kazi isiyo na fyuzi. Nawasihi vijana, nunueni mita kabla ya kununua spana ya pili. Na sisi sote, siku fyuzi itakapokata, tusitafute kubwa yake. Fyuzi imetuambia kuna tatizo. Tulitafute, tulitengeneze, kisha turudishe fyuzi ileile.